Makofi ya Ukumbini, Kura za Nyumbani

Hotuba hii niliitoa mbele ya wahamasishaji wa kampeni waliokutana kujinoa kabla ya msimu wa uchaguzi. Waliokosa kufika wameiomba. Nimeiandika kama nilivyoisema, isipokuwa pale niliporudia jambo mara tatu nimeacha mara mbili.

Ndugu mwenyekiti, mama zangu na baba zangu mlioketi mbele, na ninyi vijana ambao kama kawaida mmejaza viti vya nyuma karibu na mlango: hamjambo?

Nawaomba kitu kimoja kabla sijaanza. Kila aliyewahi kumpigia kura mtu aliyemtukana, anyooshe mkono.

Sioni mkono. Hata mmoja? Basi shikeni hapo hapo, maana hotuba yangu yote imelala juu ya mikono hiyo isiyonyooshwa.

Nianze kwa kujishtaki mwenyewe. Miaka mingi iliyopita nilikuwa nagonga milango kuomba kura, mimi na mwenzangu mmoja ambaye sote tulimhusudu kwa moto wake. Ilani aliijua kwa kichwa. Hachoki, haogopi, halali. Mlango mmoja ukafunguliwa na mama wa makamo, akatusikiliza vizuri kabisa, kisha akauliza swali la kawaida: mkiingia, kodi itapanda? Mwenzangu akamtazama kama mtu aliyetukana msibani. Akamwambia kwamba anayeuliza swali la namna hiyo wakati watu wanaumia, huyo yuko upande wa wanyonyaji. Mama yule hakujibu. Akafunga mlango polepole, kwa adabu, kama afungavyo mtu aliyekwisha kuamua.

Na sisi je? Tulicheka njia nzima. Tulisema amepewa dozi yake. Nami nilicheka. Jioni tuliposimulia kisa kile kwa wenzetu, tulipigiwa makofi.

Uchaguzi ule tulishindwa. Siwezi kusema tulishindwa kwa mlango mmoja. Ila milango ilikuwa mingi, mwenzangu hakuwa peke yake, na ninachokikumbuka mpaka leo ni yale makofi. Hakuna hata mmoja wetu aliyeuliza: sasa yule mama kura yake imekwenda wapi?

Sikuja kuwaambia muwe vuguvugu. Mtu asiye na moto hawezi kugonga mlango wa mia mbili jua likiwa utosini. Nimekuja kuzungumzia moto unaoanza kuunguza nyumba ya aliyeuwasha.

Twendeni San Francisco, Julai 1964. Chama cha Republican cha Marekani kinateua mgombea urais. Wanaharakati wa mrengo wa kulia wamefanya kazi ya chini kwa chini kwa miaka, wilaya kwa wilaya, jimbo kwa jimbo, na sasa chama kiko mikononi mwao. Mtu wao ni Barry Goldwater, seneta wa Arizona. Usiku wa Julai 14 anapanda jukwaani Nelson Rockefeller, gavana wa New York, mtu wa chama hicho hicho, kuomba mkutano ulaani makundi yenye siasa kali. Kapewa dakika tano. Wakamzomea. Wakamzomea mpaka sauti yake ikamezwa, naye akawa anasimama, anangoja, anaanza tena, wanamzomea tena. Na televisheni inaonyesha yote hayo kwa watu walioketi sebuleni mwao nchi nzima.

Ninyi mnaopenda kuzomea, nisikilizeni hapa. Waliokuwa ukumbini walidhani wanamwaibisha Rockefeller. Waliokuwa sebuleni waliona jambo jingine kabisa: waliona sura ya watu wanaoomba kukabidhiwa nchi.

Siku mbili baadaye Goldwater akapokea uteuzi, na akasema kwamba siasa kali katika kutetea uhuru si uovu. Ukumbi ukalipuka kwa shangwe. Nami nakiri, ukiisoma hotuba ile peke yake chumbani, sentensi ile ina nguvu yake, hata ina kaukweli fulani ndani. Lakini sentensi ya kampeni haisomwi peke yake chumbani. Inasikika pamoja na mizomeo ya juzi.

Wapinzani wake hawakulazimika hata kutunga uongo. Septemba 7 kampeni ya Rais Lyndon Johnson ilirusha tangazo la televisheni: mtoto wa kike anang'oa petali za ua akihesabu, ghafla sauti ya mwanamume inahesabu kurudi nyuma, kisha mlipuko wa nyuklia unajaza kioo. Kama tangazo la kulipiwa lilirushwa mara moja tu. Na jina la Goldwater halikutajwa. Kwa nini? Kwa sababu halikuhitajika! Mgombea alikuwa ameshazungumzia silaha za nyuklia kwa wepesi mno, hata mtazamaji akamalizia tangazo mwenyewe.

Novemba ilipofika Johnson akapata asilimia 61 ya kura. Goldwater akaambulia majimbo 6 kati ya 50.

Najua atatokea mmoja wenu, labda yule mwenye kofia, aseme: lakini mzee, mbegu ile ndiyo iliyomzaa Ronald Reagan, mshindi wa urais mwaka 1980! Ni kweli. Reagan alianza kujulikana kisiasa kwa hotuba aliyoitoa Oktoba 1964 kumpigia debe Goldwater, na sehemu kubwa ya mawazo aliyokuja kuyauza ilikuwa yale yale, ila yeye aliyauza kwa tabasamu na utani. Lakini hebu tuhesabu. Kutoka 1964 hadi 1980 ni miaka 16. Na katika miaka hiyo kilitokea nini? Anguko la Goldwater liliwaburuta wagombea wengi wa chama chake, na chama cha Johnson, Democratic, kikarudi bungeni na viti 295 kati ya 435 katika Baraza la Wawakilishi. Kwa wingi huo ndipo mwaka 1965 ikapita bima ya afya ya wazee, mpango uliokuwa umekwama kwa miaka, na mambo mengine chungu nzima ambayo watu wa Goldwater hawakutaka hata kuyasikia. Mengi yapo mpaka leo. Mimi binafsi nafurahi yalipita. Lakini yatazameni mambo kwa macho ya mwanaharakati wa Goldwater: alitaka serikali ndogo, na kwa ukali wake akamkabidhi mpinzani wingi wa kuijenga serikali kubwa kuliko wakati wowote tangu enzi za Rais Franklin Roosevelt. Mpinzani mwenyewe asingeweza kujifanyia hisani kubwa hivyo.

Asingeweza? Subirini kidogo. Wakati mwingine mpinzani hujifanyia. Tena hulipa.

Kisa hiki nakipenda kuliko vyote, kwa hiyo mnivumilie. Jimbo la Missouri, mwaka 2012. Seneta Claire McCaskill wa chama cha Democratic anatetea kiti chake, na kila mtu anasema huyo amekwisha, maana jimbo limeegemea upande wa pili. Upande wa Republican kuna watatu wazito wanaogombania tiketi. McCaskill anawatazama wote watatu na anajiuliza: yupi kati ya hawa naweza kumshinda? Anamwona Todd Akin, mbunge mwenye msimamo mkali kuliko wote. Basi anafanya nini? Kampeni yake inatoa dola kama milioni 1.7 kulipia matangazo ya televisheni yanayosema: Todd Akin ni mhafidhina kupita kiasi.

Mmeelewa mtego? Kwa masikio ya mpiga kura wa kawaida, hayo ni mashambulizi. Kwa masikio ya mfuasi kindakindaki wa mchujo wa Republican, hizo ni sifa! "Kumbe wanamwogopa huyu? Basi huyu ndiye wetu." Agosti 7 Akin akashinda mchujo. McCaskill mwenyewe alikuja kusimulia mpango huo hadharani baadaye, bila haya, na sijui kwa nini aone haya.

Hazikupita wiki mbili. Agosti 19 Akin akahojiwa kwenye televisheni kuhusu utoaji mimba kwa mwanamke aliyebakwa. Akasema kwamba kukiwa na "ubakaji halali", akimaanisha ubakaji wa kweli, mwili wa mwanamke una njia zake za kuzuia mimba. Ubakaji halali! Viongozi wa chama chake walimsihi ajitoe, mgombea wao wa urais Mitt Romney akiwamo. Akakataa. Waliomzunguka walikuwa wakimwambia asimame imara, asiwape maadui raha. Novemba, Romney akalishinda jimbo lile la Missouri kwa zaidi ya pointi tisa. Siku ile ile, kwenye karatasi ile ile, Akin akashindwa kwa zaidi ya kumi na tano. Watu zaidi ya 400,000 waliompigia Romney hawakumpigia Akin. Hao hawakuwa wasaliti wala mawakala wa upande wa pili. Walikuwa watu wa chama walioshindwa kummeza yule mtu.

Kwa hiyo swali langu kwenu ni hili. Siku mtakapojua kwamba mpinzani wenu anatamani sana mmoja wenu awe ndiye sura yenu, na yuko tayari hata kulipia, mtaendelea kumshangilia mtu huyo?

Kuna msomi mmoja, Andrew Hall, aliyechambua michujo ya Baraza la Wawakilishi la Marekani kuanzia 1980 hadi 2010. Alichukua ile iliyokaribiana mno, ambapo mkali alimshinda mwenye wastani, au alishindwa naye, kwa kura chache. Aligundua kwamba mkali akipenya mchujo, kura za chama kwenye uchaguzi wenyewe hupungua kwa wastani wa pointi 9 hadi 13. Hilo huenda mlilitegemea. La pili ndilo lililonishtua. Sote tumezoea kusema: sawa, mkali anawatisha watu wa katikati, lakini anaamsha watu wetu, wanatoka kwa wingi. Hall na mwenzake Daniel Thompson walilipima hilo, na matokeo waliyoyachapisha mwaka 2018 yanasema mkali huamsha watu, naam, lakini anaowaamsha zaidi ni wa upande wa pili.

Rudieni kichwani. Anaowaamsha zaidi ni wa upande wa pili.

Wenzangu, tusiishie kwenye wagombea, maana wengi wetu hapa hatugombei. Sisi ni watu wa barabarani, wa mabango na maandamano. Nako kuna somo, ingawa huko naingia kwa tahadhari.

Machi 7, 1965, watu kama 600 walivuka daraja la Edmund Pettus, Selma, jimbo la Alabama, wakidai haki ya watu weusi kupiga kura. Walitembea wawili wawili, kimya, wengine na makoti yao ya kanisani. Mbele alikuwamo kijana wa miaka 25 aitwaye John Lewis, begani mkoba. Polisi wakawavamia kwa virungu na mabomu ya machozi. Lewis akapasuliwa fuvu. Picha zikaingia sebuleni kwa Wamarekani jioni ile ile. Siku nane baadaye Rais Johnson akasimama mbele ya bunge kudai sheria, na Agosti 6 akaitia saini.

Miaka mitatu baadaye, Aprili 4, 1968, Martin Luther King akauawa. Miji zaidi ya mia ikalipuka: moto, uporaji, vifo. Na Novemba Richard Nixon wa Republican, aliyefanya utulivu na sheria kuwa wimbo wake, akamshinda Hubert Humphrey wa Democratic kwa asilimia 43.4 dhidi ya 42.7. Tofauti haifiki hata pointi moja. Mtafiti Omar Wasow aliketi akalinganisha wilaya zilizokuwa karibu na maandamano ya amani na zile zilizokuwa karibu na ghasia. Utafiti wake wa mwaka 2020 unaonyesha kwamba karibu na maandamano ya amani, hasa yale ambayo dola au wahuni waliyashambulia, kura za Democratic ziliongezeka. Karibu na ghasia, wapiga kura weupe walisogea upande wa Republican. Makadirio yake ni kwamba msogeo ule huenda ndio uliompa Nixon ushindi.

Nimesema naingia kwa tahadhari, na nataka mnielewe. Mtu aliyeuliwa kiongozi wake hasimami barabarani na kikokotoo. Sitawahukumu wafiwa wa Aprili 1968 nikiwa nimekaa kivulini, na anayewahukumu bila kutaja risasi iliyotangulia ananikera. Ninaozungumza nao ni ninyi, ambao hamjafiwa, mmekaa hapa mnapanga kwa utulivu mtakachofanya mwezi ujao. Ninyi mna nafasi ya kuchagua picha.

Maana hata kuwa na haki hakutoshi. Agosti ya mwaka ule ule wa 1968, Chicago, nje ya mkutano mkuu wa Democratic, polisi waliwapiga vijana waliokuwa wakipinga vita vya Vietnam. Ripoti iliyoandaliwa kwa ajili ya tume ya serikali iliita kilichotokea ghasia za polisi. Ghasia za polisi! Vijana walikuwa wakipiga kelele kwamba dunia nzima inawatazama. Ni kweli ilikuwa inawatazama. Na uchunguzi wa maoni ulipofanyika, Wamarekani wengi wakasema wako upande wa polisi. Inauma, lakini ndivyo ilivyokuwa. Vita wakavipinga, na aliyeingia Ikulu ni Nixon, na vita vikaendelea miaka mingine.

Sasa nije kwa ugonjwa ambao nadhani ni mbaya kuliko ghasia, kwa sababu hauna kelele na aliyenao hujiona mtakatifu. Ni ule wa kusema: bora tushindwe tukiwa safi kuliko kushinda na mtu asiye safi kama sisi.

Ujerumani, Aprili 26, 1925. Duru ya pili ya uchaguzi wa rais. Wagombea watatu, na anayeongoza anashinda, hata asipofikisha nusu ya kura. Upande wa wahafidhina na wenye kutamani enzi ya mfalme yupo Jenerali Paul von Hindenburg, mzee wa miaka 77. Upande wa wanaoitetea jamhuri yupo Wilhelm Marx, mtu wa katikati, Mkatoliki, hana mvuto sana, anaungwa mkono mpaka na chama cha wafanyakazi, Social Democratic. Wa tatu ni Ernst Thälmann, Mkomunisti. Kila mtu anajua Thälmann hawezi kushinda. Yeye mwenyewe anajua. Lakini kwa makada wake, Marx na Hindenburg ni mabwana wale wale waliobadilisha kofia, kwa hiyo hawatoki kwenye kinyang'anyiro.

Matokeo: Hindenburg asilimia 48.3, Marx 45.3, Thälmann 6.4. Hindenburg alimzidi Marx kwa kura kama 900,000. Thälmann alikuwa na zaidi ya milioni 1.9. Chini ya nusu ya hao wangehamia kwa Marx, mzee angebaki nyumbani kwake.

Kuweni waadilifu, nami niwe mwadilifu: wengine wangesusa kura kabisa, na wapo Wakatoliki wa Bavaria waliomwacha Mkatoliki mwenzao wakaenda kwa jenerali. Lawama haina mwenyewe mmoja. Lakini nawaomba mfuate mkono wa yule mzee. Januari 30, 1933, mkono ule wa Hindenburg ndio uliomteua Adolf Hitler kuwa kansela. Na Machi 3, wiki tano tu baadaye, polisi wakamkamata nani? Ernst Thälmann. Akakaa kifungoni zaidi ya miaka 11. Agosti 1944 akapigwa risasi kwenye kambi ya Buchenwald. Alikuwa jasiri mpaka mwisho, sitamvunjia heshima. Lakini je, mnaweza kunitazama usoni mkaniambia kwamba Marx na Hindenburg walikuwa mtu mmoja?

Ufaransa ilirudia mchezo huo mwaka 2002, kwa bahati bila mwisho wa kutisha. Wagombea 16 duru ya kwanza, mrengo wa kushoto umegawana vipande vipande, kila kipande kinampiga waziri mkuu Lionel Jospin kwamba si mjamaa wa kweli. Vyama vitatu vya Kitrotsky, yaani vya wakomunisti wanaofuata mawazo ya Trotsky, pekee vilizoa zaidi ya asilimia 10. Jospin akakosa duru ya pili kwa kura zisizofika 200,000, na nafasi yake ikachukuliwa na Jean-Marie Le Pen wa siasa kali za kulia. Asubuhi yake, wengi wa wale wale waliosema Jospin na Jacques Chirac, rais wa mrengo wa kulia, ni mapacha wakaanza kuwaomba watu wampigie Chirac. Chirac akapata asilimia 82. Sijui kama alicheka, mimi ningecheka.

Kiongozi afanye nini basi, akiwa na watu wa namna hii? Jibu fupi ni kwamba aseme, tena aseme mbele yao. Mwaka 1983 chama cha Labour cha Uingereza kilipata asilimia 27.6, baada ya miaka ya vita vya ndani ambavyo makada walijipongeza kwa kuvishinda. Miaka miwili baadaye baraza la jiji la Liverpool, lililoshikwa na kundi la Militant, wakali wa mrengo wa kushoto ndani ya chama, lilikaidi sheria za bajeti kwa jina la wafanyakazi, likaishia kukodi teksi kuzungusha barua za kuwaachisha kazi wafanyakazi hao hao. Oktoba 1985 Neil Kinnock, kiongozi wa chama, alisimama kwenye mkutano mkuu akalisema jambo hilo wazi, wenyewe wakiwa wameketi pale. Wapo waliomzomea, na mbunge mmoja akashuka jukwaani akatoka nje. Na hakuvuna haraka: alishindwa 1987, akashindwa tena 1992. Chama kiliingia madarakani 1997 na viti 418, yeye akiwa hayupo tena kwenye usukani. Ndiyo gharama ya kuchelewa kusema. Jina la kelele likishagandia chama, kulibandua ni kazi ya miaka kumi na zaidi.

Najua mnachofikiri. Bila wakali dunia isingesogea. Wanawake wa Uingereza waliovunja vioo mwaka 1912 wakidai haki ya kupiga kura, je? Swali zuri, na sina jibu rahisi. Mwaka 1911 muswada wa kuwapa baadhi ya wanawake kura ulipita hatua ya kusomwa mara ya pili kwa 255 dhidi ya 88. Machi 1912, wiki chache baada ya vioo vya London kuvunjwa, muswada wa aina hiyo hiyo ukaanguka kwa 222 dhidi ya 208. Wapo wabunge waliotaja vioo kuwa sababu. Wapo waliotumia vioo kama kisingizio, na wabunge wa Ireland walikuwa na hesabu zao wenyewe. Wanahistoria wanabishana mpaka kesho. Ninachokiona mimi ni kwamba kuna kazi ya kuliweka jambo mezani, na kuna kazi ya kupata kura zilizopungua ili muswada upite. Vioo huenda vilifanya ya kwanza. Ya pili vilishindwa.

Na tusichanganye ukali wa dai na ukali wa ulimi. Dai linaweza kuwa kubwa kama mlima. Hapo nirudi kwa kijana wangu wa darajani.

Agosti 28, 1963, kabla ya Selma, John Lewis alikuwa na miaka 23, msemaji mdogo kuliko wote kwenye maandamano makubwa ya Washington. Rasimu ya hotuba yake ilikuwa ya moto: ilisema wataupita mji kwa mji wa Kusini kama alivyofanya Jenerali Sherman, yule aliyechoma Georgia wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe. Askofu mkuu wa Washington akasema, hotuba hiyo ikisomwa, mimi nashuka jukwaani. Vijana wa Lewis wakawaka: tubadilishe maneno kwa ajili ya askofu? Mpaka akaja A. Philip Randolph, mzee wa miaka 74 aliyekuwa ameyangoja maandamano yale tangu mwaka 1941. Akawaomba. Hakuwaamuru, aliwaomba: nimeingoja siku hii maisha yangu yote, msiiharibu.

Wakakaa nyuma ya sanamu ya Lincoln, watu zaidi ya 200,000 wakiwa mbele yao, wakakata na kuandika upya. Sherman akatoka. Dai likabaki. Hata hivyo hotuba ile ndiyo iliyokuwa kali kuliko zote siku ile.

Je, Lewis alikuwa vuguvugu? Aliyepunguza maneno 1963 ndiye aliyepasuliwa fuvu 1965. Mwaka 1986 akagombea ubunge Georgia, Georgia ile ile ya Sherman, akashinda, na akaendelea kushinda mpaka alipofariki mwaka 2020. Alikamatwa na polisi mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu, mara nyingine akiwa tayari ni mbunge.

Nimeambiwa muda umekwisha. Kesho saa mbili mnaanza kugonga milango, na orodha za mitaa ziko kwa katibu. Kila kundi liandike maswali yote watakayoulizwa, hata yale yanayowaudhi, hasa yanayowaudhi, mje nayo jioni. Sitaki kusikia mmewajibu nini. Nataka kusikia wameuliza nini.

Dada wa pale nyuma, umenyoosha mkono tangu nilipomtaja Thälmann, na naona hukubaliani nami kabisa. Mpeni kipaza sauti, tuanze na yeye.